Siku Isiyokuwepo Kati ya Desemba na Februari

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Mwaka huu Fulgencio atanikoma. Kila Noeli fundi umeme huyu huwasha taa za pango la Mtoto Yesu uani kwetu, na kila Noeli Doña Remedios, mwenyekiti wetu sisi majirani wa ua huu, mjane, humteua kuwa baba wa ubatizo wa Mtoto. Februari 2 wanasimama bega kwa bega kumvisha Mtoto nguo mpya. Mimi nasimama karibu na sufuria ya chakula.

Basi. Nimeandika programu ya kompyuta. Taa zitajiwasha zenyewe Desemba 16 na kujizima Februari 2, kila mwaka, milele. Mwaka sikuutaja. Wa nini? Noeli haizeeki. Doña Remedios amesema tutaona. Alitabasamu! Au karanga ilimnasa jinoni.

Jumatatu, 16 Desemba

Giza.

Waimbaji walifika na mishumaa, wakaomba malazi kama Yosefu na Maria, ilivyo ada. Sisi wa ndani tukawanyima kama ilivyo ada. Mlango ukafunguliwa, nikanyoosha mkono kuelekea pangoni kama askofu. Giza totoro. Doña Remedios akamkanyaga punda wa Yosefu. Sikio limekatika.

Fulgencio akauliza, kwa sauti ya kuwatosha majirani wote, "Mtaalamu, na hiyo programu yako inatafuta malazi?"

Padri alicheka kuliko wote.

Jumanne, 17 Desemba

Kosa nimeliona. Niliiambia mashine: washa ikiwa leo ni Desemba 16 au baadaye na pia ni kabla ya Februari 2. Lakini mashine isiyojua mwaka huona Februari ni mwezi wa pili tu, iko nyuma kabisa ya Desemba. Maskini, imetafuta siku iliyoipita Desemba na ambayo haijaifikia Februari. Siku hiyo haijazaliwa.

Dawa ni rahisi. Nimezigeuza tarehe. Ndogo mbele, kubwa nyuma: kuanzia Februari 2 hadi Desemba 16. Mashine imekubali bila kunung'unika.

Jioni, giza tena. Basi ni waya! Nimemweleza Doña Remedios kwamba waya zilifungwa na Fulgencio. Fulgencio alipanda ngazi, akavuta waya wake kando ya wangu, akabonyeza swichi. Nuru. Makofi. Nimelala bila kula.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Mkate wa Wafalme. Mwanasesere wa Mtoto Yesu anayefichwa ndani yake alikuwa kwenye kipande changu, kwa hiyo, kama ilivyo ada, tamale za Februari 2, yaani unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda, nitazipika mimi, za ua mzima. Nilijaribu kummeza. Doña Remedios akanipiga mgongoni, akaniambia, "Mteme, Don Eleuterio. Mtoto haliwi."

Ndiyo mara yake ya kwanza kunigusa.

Jumapili, 2 Februari

Mtoto ameinuliwa, amevikwa. Wao bega kwa bega. Mimi kwenye sufuria.

Kisha Fulgencio akazima swichi. Taa hazikuzimika. Akabonyeza tena. Akang'oa waya wake wote. Taa zinawaka tu! Programu yangu, hatimaye! Nilisahau aibu, nikatangaza mbele ya watu kuwa ni kazi yangu.

Doña Remedios aliniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa, "Na zitazimika lini?"

Nikafikiri. Nikaisoma programu upya kichwani.

"Desemba kumi na sita, Doña."

Tamale zikagawiwa. Fulgencio alimenya ganda la yake polepole. "Yaani zitazimika siku tunayozihitaji," akasema, akaomba nyingine.

Jumatatu, 3 Februari

Nimechomoa plagi kwa mkono. Usiku kucha sikulala, lakini alfajiri akili ilifunguka. Kosa langu lote lilikuwa kuuacha mwaka! Sasa nimeuandika waziwazi: kuanzia Desemba 16, 2024 hadi Februari 2, 2025. Nimeijaribu kwa tarehe ya Krismasi iliyopita. Imewaka vizuri ajabu.

Sitaigusa tena maishani. Nimemtumia Doña Remedios ujumbe kwamba Desemba ijayo asihangaike na mtu yeyote, na Fulgencio nimemshauri auze ngazi.