Kupe ni Mdau

Taarifa ilisomwa katika uwanja wa soko la Kamukuywa, mbele ya wakulima na ng'ombe wachache walioletwa kuwakilisha wenzao: vita vya miaka mingi kati ya ng'ombe na kupe vimekwisha. Kuanzia siku hiyo kupe si mdudu tena. Ni mdau.

Aliyeisoma alikuwa Bwana Kimotho, mkurugenzi wa Mradi wa Maridhiano ya Mifugo, uliokuwa na ofisi Kitale na maslahi kila mahali. Alikuwa ametoka semina. Huko msomi mmoja alieleza jinsi kupe na ng'ombe walivyobadilika kwa kushindana, vizazi visivyohesabika: kupe akinoa mdomo, ng'ombe anakomaza ngozi, ng'ombe akikomaza ngozi, kupe anabuni mate ya kumtia ganzi. Ndiyo maana ng'ombe wa kienyeji haanguki ovyo. Kimotho alisikiliza kwa makini. Kisha sambusa zikaletwa, akatoka kuwahi foleni, na sehemu ya pili ikampita, ile ya kwamba ng'ombe wasiokomaa walikufa, ndipo wakabaki waliokomaa.

"Mwenyeji akinyonywa vya kutosha, hukomaa," aliwaambia wakulima. "Shida yetu sisi ni haraka."

Basi josho likapigwa kufuli, ng'ombe wasije wakaogeshwa dawa na kuwakosea kupe adabu. Wanyonyi, daktari pekee wa mifugo eneo lile, akapandishwa cheo kuwa katibu wa kamati, kazi ambayo haikuruhusu kugusa ng'ombe. Kunyunyiza dawa nyumbani kukaitwa uchochezi.

Kamati ikaanza kuzuru maboma. Na kwa Wabukusu mgeni wa heshima haondoki hivi hivi. Kuku huchinjwa, na firigisi huwekwa mbele ya mkubwa. Kimotho hakuwa mtu wa kuvunja mila za wenyewe. Alikula firigisi kwa moyo wa utumishi, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya miezi michache aligundua kwamba kuku wa Kamukuywa wakisikia gari la kamati wanakimbilia migombani. Akaagiza iandikwe kwenye ripoti kwamba viumbe wa eneo hilo wanabadilika kwa kasi ya kutia moyo.

Ng'ombe nao walinawiri. Kila boma alilofika, manyoya yanang'aa, masikio safi, kupe haonekani hata wa dawa. Palikuwa na harufu kali kidogo, ambayo Kimotho aliitambua kuwa harufu ya maridhiano.

Ushahidi ulikuwa mtamu mno kuachwa vijijini. Maonyesho ya kilimo ya Kitale yalikuwa yanakaribia, mkubwa wake angekuja, na kiti cha juu kilikuwa wazi. Kimotho akamtoa mtamba wake wa gredi, mwenye damu ya kizungu, Waridi, aliyemlea tangu ndama na kumpenda kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mkewe. Akampeleka kwa Mama Nakhumicha, mjane wa Kamukuywa, aishi na kupe kama raia wa kawaida, kisha apandishwe jukwaani.

Nakhumicha aliitazama ile ngozi laini, roho ikamuuma. Akasema huyu ni wa gredi, pengine apakwe kitu kidogo tu. Kimotho akamuuliza kama nyumbani kwake kuna dawa. Mama akajibu kwamba dawa atoe wapi, akaenda kukamata jogoo.

Kupe walimpokea Waridi kwa miguu yote minane.

Wiki ya maonyesho Kimotho alikuja na lori, Wanyonyi kando yake na daftari la kamati, akamkuta mtamba amelala chini, tezi za chini ya masikio zimevimba, anahema kwa shida, mate yanamchuruzika. Ndigana, ile homa ya kupe. Mkurugenzi akapiga magoti kwenye mavi na suti yake. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kiofisi.

"Mama, wenu walikomaa namna gani?"

"Hawajakomaa, Mkurugenzi," Nakhumicha akasema. "Tunawapiga dawa asubuhi, kabla hujafika. Wote. Hata wa chifu."

Kimotho akamgeukia Wanyonyi. Wanyonyi akamkumbusha kwamba katibu hagusi ng'ombe.

"Sindano iko," akasema. "Lakini fungua josho la watu kwanza, bana. Na mimi unishushe cheo."

Kimotho alifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, kijiji kizima kikitazama. Wanyonyi akashushwa cheo papo hapo, akakunja mikono ya shati, na watu wanasema hajawahi kuonekana na furaha vile.

Waridi alipona. Maonyesho yalimpita, na kile kiti cha juu kikaenda kwa bwana mmoja wa Bungoma mjini ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hajawahi kuanzisha mradi wowote.

Siku ya kumchukua mtamba wake, Kimotho alikaa sebuleni kwa Nakhumicha kama kawaida, akanawa mikono, akangoja. Nje jogoo aliwika, tena karibu na mlango. Nakhumicha akaleta kikombe cha chai ya rangi, akaketi. Kimotho akauliza, kwa kuzunguka, kama siku hizi kuku wameadimika.

"Kuku wako wengi, Mkurugenzi," mama akasema. "Lakini si ulitufundisha mwenyewe? Mwenyeji akinyonywa vya kutosha, hukomaa."