Kiboko cha Mzee Jeronimo

Kitaya, Alhamisi, 1 Juni 1972
Laurinda kanicheka kisimani. Kucheka ni dalili! Lakini Feliciano mvuvi anapeleka posa kwao Jumapili. Kwetu Upareni posa ni jambo la mwaka mzima, hapa watu wana haraka. Basi nitamtangulia, Jumamosi. Njia ya mkato ya kwenda kwa kina Laurinda hupita kwenye mpunga wa baba yake, ukingoni mwa Ruvuma. Viatu nimeshaving'arisha.

Ijumaa, 2 Juni
Nimekutana na baba mwenyewe, Mzee Jeronimo. Nikamwamkia, nikamdokeza kwamba kesho nitapita mpungani. Akasema nisithubutu, huko "kiboko iko". Iko! Kiboko mnyama husemwa yuko, kiboko cha kuchapia husemwa kiko. Hakusema yuko, basi si mnyama! Mzee Kimakonde kimemkaa ulimini, kila kitu kwake ni iko. Nimetafakari kama mwalimu wa Kiswahili: ananitishia fimbo. Mimi, ninayechapa darasa la saba zima, nichapwe! Hasira zimenipanda. Kesho napita palepale. Ya keshokutwa tutayaona keshokutwa.

Jumamosi, 3 Juni
Alikuwa mnyama.
Niko hai! Asante Mungu! Nilikuwa katikati ya mpunga, napaza sauti kwamba simwogopi mtu, mara matope yakafumbua mdomo. Kukimbia sikumbuki. Nakumbuka niko juu ya dungu la kuamia ndege, kiatu kimoja mguuni, namwita mama. Na nani alikuja kupiga debe mpaka lile dude likarudi mtoni? Feliciano! Nilimkumbatia pamoja na debe lake. Mzee akauliza kama jana sikumsikia. Nikasema nilimsikia, ila ngeli zilinichanganya. Laurinda kanipa uji. Sijawahi kunywa uji mtamu namna ile.

Jumapili, 4 Juni
Nimeamka naona kila kitu kizuri, hata posa ya Feliciano. Imepokewa, majibu wiki ijayo. Nimeapa kutoamua tena jambo nikiwa na hasira. Hasira hasara, wahenga wamesema. Kuhusu furaha hawakusema neno, na leo nina furaha tele. Kwa hiyo wanaume walipouliza nani atakaa mbele ya mtumbwi kesho kumfukuza kiboko, mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Laurinda aliona! Feliciano kaniuliza kama najua kuogelea. Nimemjibu hilo tutalijua tukishafika majini. Kiboko mwenyewe ni mmoja tu, tena tunafahamiana.