Mbegu Thelathini na Saba Mezani Kwangu

Nyasura, Bunda

Kwa Mwalimu Prudence, Hisabati, Darasa la Tano

Mwalimu wetu mpendwa,

Kwa umri sistahili kukuamkia, lakini kwa hayo uliyonitenda, shikamoo.

Mimi ni Felisian, baba yake Esther. Nasikia umewafundisha watoto kuiona milioni kwa macho: kikombe kimoja cha mbegu za pamba ni elfu, vikombe elfu ni milioni, na magunia matatu yameegemea ukuta wa darasa kama ushahidi. Ubunifu huo umeniharibia maisha. Naomba usitishwe, kwa sababu hizi:

1. Nyumbani nimezoea kusema, "Nimekuambia mara milioni." Sasa Esther anatazama dari, anapiga hesabu, kisha ananijulisha kwamba kwa kusema mara moja kila dakika, bila kulala, ningehitaji karibu miaka miwili. Mke wangu Justina anacheka mpaka anakaa chini. Ugali unaungua.

2. Kanisani mimi ndiye msoma taarifa. Nilisoma kwamba maelfu walihudhuria mkutano wa injili. Kumbe Esther alikuwa ametia mfukoni mbegu moja kwa kila aliyefika. Walikuwa mia mbili na kumi na nne, wakiwemo wawili waliokuja kuulizia mbuzi wao. Mchungaji amesema taarifa ijayo nimsomee yeye kwanza.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kwetu mwenye ng'ombe hahesabu. Akiulizwa anajibu "wapo", anatazama pembeni. Mimi niliongeza kidogo, nikawaambia wakwe watarajiwa wa Butiama kwamba ng'ombe wangu wanafika elfu. Jumapili walikuja kuona nyumba ambamo binti yao Helena ataishi akiolewa na mwanangu Gibson. Esther akaleta kikombe, akamimina mbegu mezani mbele ya mzee Bernado, baba yake Helena: thelathini na saba. "Baba, ulikuwaga unasema elfu. Mbona hawafuniki hata kitako cha kikombe?" Mzee Bernado akaomba maji. Tangu hapo hajapiga simu, na Gibson hali chakula.

Mwalimu, namba kubwa ilikuwa na heshima kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona. Napendekeza watoto wahesabu mpaka mia, baada ya hapo wafundishwe kusema "wengi". Ikilazimu kufika milioni, waisome wakiwa wamefumba macho.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, na wanafunzi wako, ambao idadi yao siitaji.

Wako katika maumivu ya hesabu,
Felisian, mzazi

Nakala: Afisa Elimu Kata

N.B. Nakala ya Afisa Elimu sitaituma. Jana jioni, kabla sijafunga bahasha, ng'ombe walirudi. Esther alikaa mlangoni mwa zizi akihamisha mbegu moja kwa kila aliyeingia, na moja ikambakia mkononi. Nikamwambia wameingia wengi, inatosha. Akakataa, akalia. Tukatoka kutafuta, tukamkuta mtamba wetu mwekundu, mwenye mimba, amezama kwenye tope la lambo mpaka tumboni, tukamvuta hadi akatoka. Mimi mwenye elfu nisingejua kabisa, na aibu hiyo imezidi ile ya Jumapili. Mzee Bernado alisikia, akapiga simu. Hakuuliza habari za elfu. Aliuliza kama yule mmoja amepona. Amepona, na leo alfajiri amezaa. Tafadhali mpe Esther mbegu moja zaidi.