Yah: Kuwekwa Wakfu Pamoja na Kitanda Changu

Kwa Mchungaji wetu mpendwa,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia mimi, kwa cheo sijui nani amwamkie nani, basi tuchukue kwamba tumeshaamkiana. Natumaini u mzima, na mama mchungaji mguu wake umepona, na kama haujapona aviache vile viatu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Barua hii siandiki mimi. Mkono wangu unajua jembe na mwiko, kalamu hapana. Ananiandikia fundi cherehani wa hapa mtaani. Nimemchagua yeye kwa sababu si muumini wa kanisa letu, kwa hiyo hana upande, halafu mwandiko wake unasomeka. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ukikuta neno kali ni langu, ukikuta nukta ni yake.

Nia yangu ni moja. Jumamosi unakuja kwetu kukiweka wakfu chumba cha maombi. Chumba chenyewe ni changu. Nalala humo.

Najua hukutumwa na mtu mbaya. Ulihubiri kwamba kila nyumba ya Mkristo itenge mahali pa Mungu peke yake, pasipochanganywa na mambo mengine, na mkwe wangu, mke wa huyu mwanangu mchomelea mageti, akalibeba neno lile mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Sebule ina televisheni, na wajukuu wanalala humo kwenye godoro. Chumba chao wawili kina kitanda tu, mlango ukifunguliwa unagonga kitanda. Kikabaki changu. Kikao kilikaa, uamuzi ukapita, mimi nikaarifiwa wakati napewa uji. Natakiwa nihamie kwenye kochi la sebuleni, ambalo mimi nikilala, kuanzia magoti kwenda chini naishi nje ya kochi.

Sikatai maombi. Nani atakataa maombi. Ila nina malalamiko, na nimeyapanga kwa namba, maana fundi anasema wakubwa wanapenda namba.

1. Kuhusu utulivu. Siku ile ulipokuja kukikagua chumba ulisimama katikati, ukafumba macho, ukasema chumba hiki kina utulivu wa pekee. Mkwe wangu akatikisa kichwa kwa furaha. Mchungaji, utulivu ule ulikuwa wangu. Nilikuwa kitandani na meno yangu yalikuwa kwenye kikombe, nikaona aibu kufungua mdomo mbele ya mgeni. Mkinitoa mimi, utulivu nao unatoka, mtabaki na chumba chenye kelele za mashine ya kusaga ya jirani. Ukitaka utulivu ule uendelee, mnanihitaji mimi na kikombe.

2. Kuhusu msalaba. Mwanangu amechomelea msalaba wa kuweka humo. Namsifu, ni mtoto wangu, mikono ile aliirithi kwa baba yake. Lakini huyu mtu tangu ajue kazi hajawahi kutengeneza kitu kisichokuwa geti. Kwa hiyo msalaba una ncha kali juu na pembeni, zile za kuzuia wezi wasiruke. Ni mrefu kuliko mlango. Waliuingiza kwa ubavu, wanaume wanne, wakavunja kioo changu, na sasa umeegemea kabati unanitazama. Nauliza kwa heshima, huo umewekwa kumkaribisha Bwana au kumzuia. Nilitundika mtandio wangu kwenye ncha moja, nikaambiwa ninakosea. Nikauondoa. Umetoboka.

3. Kuhusu makazi ya Mungu. Kanisa letu lile tulilijenga sisi, tofali nilibeba kichwani, mpaka leo shingo inanikumbusha. Limefungwa kufuli Jumatatu mpaka Jumamosi. Nyumba kubwa vile, mapazia, feni mbili, benchi zimepakwa rangi juzi, na mwenyewe yumo Jumapili asubuhi tu. Halafu huyo huyo aje ahitaji na chumba changu. Mimi nisingesema kitu kama tungekuwa tunabadilishana. Kama yeye anahamia kwangu, basi na mimi nihamie kwake. Sitaki mengi. Benchi mbili ziunganishwe, nipewe ule upande wenye feni inayozunguka, na pazia la mbele nilitumie kwa mbu. Asubuhi nitaamka mapema nifagie. Kwaya wakija mazoezi nitawasikiliza bila kusema lolote, isipokuwa kwa yule wa sauti ya pili anayeanza kabla ya wenzake.

Fundi ananiuliza kama nasema kweli. Aandike.

4. Kuhusu mahali pa kuombea. Mkwe wangu analalamika hana mahali. Mchungaji, huyu anafanya kazi ya kufua mashuka hospitali, anarudi vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahaulika kwenye beseni, lakini mahali pa kuombea anapo tele. Nimemkuta anaomba jikoni. Mjukuu akaingia kuuliza kijiko kiko wapi, akamwonyesha, akaendelea. Nimemsikia anaomba chumbani kwao. Mwanangu akageuka akauliza unaongea na nani, akaambiwa na Mungu, akasema basi mwambie asubiri nilale kwanza. Ameomba chooni, nikamgongea mlango, sikujua, na mimi nilikuwa na shida zangu. Hata alipofariki mama yake juzi juzi, aliomba huku anawamiminia chai watu waliokuja kumpa pole. Kila akitaka kukaa, mtu anaomba sukari. Hakukaa, hakulia, na chai haikupoa. Watu walimsifu sana. Mimi mwenyewe nilimsifu. Sasa mtu anayeweza kuomba namna hiyo, chumba cha nini?

Nilimuuliza. Akaacha kukunja nguo akaniambia, "Mama, nataka tu mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita."

Nikamwambia mahali hapo pako makaburini, na hata huko watu wanaenda kuitaita. Nilisema kwa mzaha. Hakucheka, lakini yeye si mtu wa kucheka haraka.

5. Hii ndiyo kubwa, na hapa fundi alisimamisha kalamu nikamwambia aendelee. Wewe umetufundisha kwamba kilichotengwa kimetengwa pamoja na vilivyomo. Ile ndoo ya kanisani, tangu uiombee, mama mmoja alipoichukua kulowekea soksi alisemwa mpaka akahama kwaya. Ndoo, Mchungaji. Sasa na mimi nimo ndani ya chumba. Simo kwa bahati mbaya, nimo tangu nilipofiwa na mume wangu. Ukikiweka wakfu Jumamosi, kuta, dirisha, kabati, kitanda, basi na mimi. Huwezi kuniruka. Na kama sikurukwa, nimetengwa, na kama nimetengwa, nina haki zangu, ambazo naomba uziandike kwenye karatasi yenye mhuri.

Mtu akija mbele yangu avue viatu. Aongee taratibu. Nisiulizwe tena nani kamaliza mkate. Wajukuu wasinipitie mbele wakati natazama habari, wazunguke nyuma. Mkwe wangu asinikumbushe dawa kwa sauti ya kengele ya shule, aje na wimbo, mfupi. Nikikohoa, waliopo waitikie amina. Na kwa kuwa mimi ni mahali pa maombi penye miguu, popote nitakapokwenda ichukuliwe pametengwa kwa muda nitakaokuwepo. Nikienda sokoni, wauza nyanya wasinichanganyie mbovu, itakuwa ni kosa la kanisa. Nikienda hospitali nisipange foleni, maana haijawahi kutokea madhabahu ikapanga foleni. Nikienda kwa dada yangu, yule tusiyeelewana, anyamaze mpaka niondoke.

Namba sita nimeisahau, iwekwe tu, ilikuwa nzuri.

Usipoweza kuyafanya haya, basi Jumamosi mtanikuta kitandani, nimejifunika, na mtanibariki kwa kunizunguka. Mafuta usinimwagie kichwani, nimesuka.

Nakomea hapa, fundi ana suruali ya watu inamsubiri na mwenyewe kashasimama mlangoni amevaa taulo. Nisalimie mama mchungaji na watoto, hata yule mkorofi. Nisalimie wazee wa kanisa, walio macho na wanaosinzia. Nisalimie mlinzi, mwambie mbwa wake alikuja kwetu tena. Wa kwaya wote, na yule wa sauti ya pili nimemsamehe.

Ni mimi, muumini wako wa benchi la nyuma,
mama yake mchomelea mageti.
(Ametia dole gumba.)

Nyongeza. Mchungaji, barua ilikuwa bado kwa fundi, haijapata mtu wa kuileta. Leo nimekuja nimemwambia aifungue bahasha aongeze haya. Amenuna kidogo kwa sababu ya gundi.

Jana jioni nilitoka kuanua nguo zangu uani. Kurudi, nikakuta mlango wa chumba changu umerudishwa. Nikasukuma kidogo. Mkwe wangu amepiga magoti kando ya kitanda changu, uso wote kwenye blanketi langu, sare ya kazi hajavua, pochi bado iko begani. Alikuwa anamtaja mama yake. Hakuna neno jingine, anamtaja tu, na analia, kile kilio kilichokaa ndani muda mrefu, kikipata njia kinatoka kwa vishindo.

Wewe unanijua. Mimi huuliza hata mtu nisiyemjua kwenye mfuko wake kuna nini. Sikuuliza kitu. Nilirudisha mlango, nikavuta kigoda nikakaa nje.

Mjukuu mdogo akaja anamtafuta mama yake amfunge nywele. Nikamfunga mimi, vibaya, akaenda zake. Jirani akaja kuazima ungo, nikamwambia umepasuka, na hapo ungo uko ukutani nyuma yangu mzima kabisa. Simu yake ikaanza kuita sebuleni, naona ni wale wa kazini wanataka abadilishe zamu, nikaifuata nikaja nayo, nikaikalia na mto juu. Kumbe ni kazi. Sikujua mtu mmoja huitwa mara nyingi hivyo katika nyumba yenye watu wachache kama yetu. Kila aliyekuja alikuwa na haja ndogo tu, hata mimi nilikuwa nayo, nilitaka kumuuliza vibanio vya nguo kaviweka wapi.

Kwa hiyo hayo yote ya juu, namba ya kwanza mpaka ile niliyoisahau, usiyashughulikie. Kile cheti cha mhuri usihangaike nacho. Jumamosi njoo. Kitanda changu kitakuwa kimeshatoka, fundi ameahidi kushika upande mmoja, na lile kochi tutaliongezea stuli ya miguu. Blanketi nimeliacha humo, hata mkwe wangu sijamwambia. Ukiweza, njoo na komeo, la kufungia kwa ndani. Mwanangu angetengeneza, lakini la kwake lingezuia ng'ombe.

Tena jana yeye ndiye alikuwa mgumu kumzuia kuliko wote. Alitoka kazini moja kwa moja mpaka mlangoni pangu, anataka kuchukua mita aliyoisahau humo siku alipopima ukuta. Nikaweka mguu. Akacheka, akadhani ni vita vyangu vile vile vya chumba. Halafu akasikia sauti ndani, akaacha kucheka, akaniuliza polepole kuna nani.

Nikamwambia, "Mwenye chumba."