Malalamiko Dhidi ya Mjohoro Aitwaye Silvesta

Thobias Maganga,
Kitongoji cha Mwanhumbi,
Segese.
12 Machi 2026

Kwa Baba Paroko, Padre Raphael,
Parokia ya Mtakatifu Isidori Mkulima.

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba uitikie kwa sauti, hata kama uko peke yako ofisini, maana ni muda mrefu sijaitikiwa na mtu.

YAH: KUTENGWA KWANGU NA JUMUIYA KWA AJILI YA MTI

Husika na somo hapo juu. Mimi ni muumini wako, mume wa Mama Limi, mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, pale kilimani na vijana kumi na mmoja wanaochimba humo. Ninakuandikia kwa heshima zote, na kwa kalamu ya kuazima kwa mtoto wa shule, kwa kuwa dukani hawaniuzii hata kalamu.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Tarehe 31 Desemba 2018, Kikundi cha Kujitolea cha Kutunza Uumbaji, chini ya mwenyekiti wake Bi. Coletha, ambaye wote tunamwita Mama Innocent, kilipanda miti kwenye kile kilima ambacho sisi wachimbaji tulikuwa tumekiacha na mashimo matupu. Siku hiyo ulihubiri vizuri sana. Ulisema dunia ni nyumba tuliyopewa na Mungu, na hakuna mtu mwenye akili anayechimbua sakafu ya nyumba yake halafu akashangaa kuku wanatumbukia. Ukaibariki miti mmoja mmoja. Kila mti ukapewa jina na msimamizi wa kuulea. Mjohoro namba 17, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Silvesta, ukaitwa Silvesta, na msimamizi wake nikawa mimi.

Nakiri kwamba nilikubali nikidhani wasimamizi wataandaliwa chakula. Chakula kilikuwepo, sikatai, na kilitosha.

Januari mwaka huu duara langu lilianza kumwaga mchanga kutoka pembeni. Mchimbaji yeyote anajua maana yake. Panatakiwa matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta zisiwafukie watu. Nilitafuta magogo Bugarama nikakosa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikamwona Silvesta amesimama hatua ishirini kutoka mdomo wa duara, amenyooka. Nikamkata. Sijifichi, nilimkata mimi mwenyewe kwa shoka langu.

Kilichofuata unakijua kwa upande wao. Jumuiya ilikaa na wazee, ikaamua nitengwe kwa desturi yetu ya Kisukuma: nisisalimiwe, nisipewe moto, nisiazimwe jembe, nisisaidiwe kwa msiba wala kwa sherehe, mpaka nipige magoti mbele ya kisiki, niombe radhi kwa sauti, kisha nijitolee kubeba maji ya kumwagilia miti kiangazi kizima. Mimi nimegoma. Mtu mzima mwenye mke na duara hawezi kumwomba radhi kisiki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Kila asubuhi nikipita kisimani natoa "mwangaluka" kwa akina mama, wanainamisha vichwa kama wanaotafuta sindano. Sasa nimeamua kujitegemea. Naita mwangaluka, halafu naitikia mwenyewe, mhola, nasonga mbele. Kanisani hali ni mbaya zaidi. Wakati wa kutakiana amani, mzee Herman, ambaye tumeketi benchi moja miaka tisa, ananipa mgongo na kuipa amani nguzo ya kanisa. Jumapili iliyopita aliishika nguzo kwa mikono yote miwili. Baba, nguzo ile ni ya mbao. Nayo ilikatwa na mtu.

2. Matanga. Siku niliyomkata Silvesta, Mama Innocent alikuja na kikundi chake chote wakatandika mikeka nyumbani kwangu. Niliuliza nani amefariki, hakuna aliyenijibu. Walikaa matanga siku tatu. Kwa kuwa msiba ulikuwa kwangu, ilibidi nilishe waombolezaji. Walimaliza debe la unga na jogoo wawili, wakaimba vizuri mno, na siku ya tatu wakaanua matanga na kuondoka bila kuniaga. Naomba ufafanuzi, Baba: mtu akihesabiwa kuwa ndiye muuaji, anaweza pia kuwa mfiwa? Maana nilipewa kazi zote mbili.

3. Vishawishi. Nasema kwa uchungu kwamba kosa ni la wanaojitolea wenyewe. Miaka saba walimwagilia, wakapalilia, wakakata matawi ya chini, wakamnyoosha Silvesta mpaka akawa gogo safi, halafu wakamwacha mbele ya mtu ambaye duara lake linamwaga. Wewe mwenyewe huwa unatufundisha kukimbia nafasi za dhambi. Mimi ningekimbilia wapi, na duara haliwezi kuhamishwa? Kama wangejitolea kwa uvivu kidogo, mti ungepinda, na leo ningekuwa nasalimiwa.

4. Ajira. Hili hawataki kabisa kulisikia. Msimamizi wa ubatizo ana wajibu wa kumsaidia mtoto wake apate njia ya maisha. Vijana wa parokia hii wamejaa vijiweni Segese na Katoro, wana vyeti, hawana kazi. Mimi wangu nimempatia kazi. Silvesta leo ameajiriwa mita arobaini chini ya ardhi, kazi ya kudumu, haombi likizo. Na kazi anaifanya. Ile mvua kubwa ya Februari ukuta wa mashariki ulisukuma, vijana kumi na mmoja wakiwa chini. Nilisikia ardhi ikiguna nikiwa juu. Silvesta akashika. Wote walitoka, mmoja mmoja, wamejaa tope, na mimi nilikaa chini pale pale nikalia mbele yao bila aibu. Sasa nauliza, kati ya miti yote mliyoibariki siku ile, ni upi mwingine umeokoa watu kumi na mmoja? Badala ya kunitenga, parokia ingeniandikia barua ya pongezi kwa malezi bora.

5. Hili la tano lilimhusu Mama Limi. Amelisoma. Nimelifuta.

6. Mahudhurio. Nimefanikiwa kuliona daftari la jumuiya, nisiulizwe kwa njia gani. Kwa kuwa jumuiya ilikuwa ikisali kwenye kivuli cha Silvesta, katibu amekuwa akimwandika kama mwanajumuiya, kila wiki, "yupo". Kwa miaka saba Silvesta hajakosa hata mara moja. Mimi nimehudhuria mara kumi na tisa. Sawa, hilo nakubali, kazi za machimbo zina mambo mengi. Lakini Jumapili iliyopita, miezi miwili baada ya kukatwa, kisiki kimeandikwa "yupo". Mimi niliyekuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye hicho kisiki, na shati jeupe, na rozari mkononi, nimeandikwa "hayupo". Nilikohoa wakati katibu akiandika, nikakohoa tena kwa nguvu. Akaandika "upepo mkali" kwenye kumbukumbu za kikao.

7. Kutokana na hilo la sita, nimefikiri sana nikaona jumuiya haitendi haki. Kama Silvesta ni mwanajumuiya, basi abebe na majukumu ya mwanajumuiya. Miaka saba hajawahi kufagia kanisa zamu yake ilipofika. Hajawahi kwenda kitubio. Na sasa amehamia mita arobaini chini bila barua ya utambulisho, wakati mwanangu alipohamia Ushirombo mwezi mmoja tu mlinidai barua yenye mhuri. Kwa hiyo naomba rasmi kwamba, kama ni lazima mtu atengwe, Silvesta atengwe na yeye. Hapo tutakuwa wawili, na wawili tunaweza kuanzisha jumuiya yetu.

8. Harusi. Baba, hapa sina utani. Limi, binti yangu wa kwanza, anafunga ndoa na Enock wa Katoro, Jumamosi ya tarehe 18 Aprili, na matangazo umeyasoma mwenyewe altareni. Wakwe wanakuja kwa mabasi matatu ya Kosta. Harusi ya Msukuma haipikwi na baba na mama wa nyumba, inapikwa na majirani. Anayesonga ugali wa watu mia tatu ni Mama Innocent na kikundi chake. Wanaochinja ni akina Herman. Wanaopokea wageni na kuwaonyesha pa kukaa ni hao hao. Kwaya yote iko kwenye Kutunza Uumbaji. Nilimwuliza Limi kama wenzake wa kwaya wameanza mazoezi ya nyimbo, akasema anafanya mazoezi peke yake, sauti ya kwanza, halafu anasimama kidogo mahali ambapo sauti ya pili ingeingia. Aliniambia hivyo huku anachambua mchele, wala hakulia. Ni mimi niliyekwenda nyuma ya nyumba. Wakwe watashuka kwenye magari yao wakute uwanja mtupu, mimi nimesimama na sufuria, na watasema wamechukua mke kwenye ukoo wa watu wasio na watu. Hilo neno litamfuata mwanangu Katoro maisha yake yote, na hajakata hata kijiti.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Parokia itamke wazi kwamba mti ni mti.

(b) Kama haiwezekani kutamka hivyo, parokia itamke kwamba Silvesta hajafa, yuko kazini, na kwa hiyo matanga yale yalikuwa batili na nirudishiwe walau jogoo mmoja.

(c) Kama ni lazima kabisa nipige magoti, basi niruhusiwe kupiga magoti chini ya duara, mbele ya Silvesta mwenyewe na siyo mbele ya kisiki chake, kwa kuwa ndiko aliko kwa sehemu kubwa, na huko hanioni mtu ila vijana wangu, ambao nao hawaruhusiwi kunisemesha na hivyo siri itatunzwa. Mama Innocent akitaka kushuhudia, kamba na ndoo ya kumteremshia vipo. Nitamshikia kamba mwenyewe.

(d) Kuhusu kubeba maji kiangazi kizima, naomba ieleweke kwamba kujitolea maana yake mtu ajitoe mwenyewe. Mimi nimetolewa. Mtu akilazimishwa kujitolea anakuwa ametumikishwa, na hapo kikundi kitakuwa kimeharibu jina lake zuri, jambo ambalo mimi kama rafiki wa mazingira nisingependa kuliona.

Nimejitahidi kuandika bila hasira. Pale palipokwaruza, ni kalamu.

Nikuachie nafasi ya kazi za Bwana, nikisubiri majibu yako kwa hamu, au hata salamu peke yake. Nisalimie Katekista Dominiko, masista wote, mama wa jikoni, mlinzi wa geti na kila atakayekubali kupokea salamu zangu. Wasiokubali wasalimie pia, lakini usiseme zimetoka kwa nani.

Mimi niliye mwanao katika imani, ingawa kwenye daftari sipo,

Thobias Maganga,
Msimamizi wa Mjohoro Na. 17.

Nakala: Katekista Dominiko.
Nakala: Mama Innocent (apewe kwa mkono wa mtu mwingine, kwangu hapokei).

N.B. Baba, nilikuwa nimeshaikunja barua hii leo asubuhi, nikapita kilimani kwanza. Silvesta amechipua. Nimekuwa nikimficha tangu Jumatano ya Majivu, sikutaka kikundi kijue, maana wangesema ni wao. Yalitoka machipukizi sita kwenye kisiki, mekundu mekundu kwenye ncha. Nimeyazungushia miiba, siku za jumuiya nayafunika kwa majani makavu yasionekane, na kila jioni namwagia ndoo mbili za maji kutoka kisimani, ninapita njia ya nyuma wasinione. Leo nimekuta miiba imesukumwa na machipukizi manne yameliwa. Ni mbuzi wa Ngassa, jirani yangu. Huyu Ngassa ndiye mtu mmoja tu aliyekuwa bado ananisalimia, na hapo juu sikumtaja ili asije akatengwa na yeye. Nimemwendea kwa upole nikamweleza. Amecheka. Amesema, Thobias, hicho si kisiki tu? Kisiki tu! Mtoto wangu wa ubatizo, aliyeshika ukuta wa watu kumi na mmoja!

Kwa hiyo, Baba, naomba yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba nane yasomwe, lakini yasitekelezwe mpaka hili liishe kwanza. Naomba Ngassa atengwe kuanzia leo. Asisalimiwe, asipewe moto, asiazimwe jembe, amani yake apewe nguzo, mpaka aje apige magoti mbele ya Silvesta na kuomba radhi kwa sauti, jumuiya yote ikisikia. Mwambie Mama Innocent aitishe kikao Jumapili hii baada ya misa. Ngassa ni mbishi na hajawahi kufanya jambo hili, kwa hiyo nitatangulia kupiga magoti mimi, ili aone jinsi inavyofanywa.