Mgongo Wangu Ndani ya Sinema

Jumatano, 6 Machi

Leland amefika. Gari la mizigo, taa, nyaya, watu wanne. Theluji yote ya mji wetu huu wa Erie wameiingiza sebuleni kwa viatu. Sijali! Mwanangu anapiga sinema yake ya nne, na safari hii anaipiga jikoni kwangu.

Niandike mambo yake, maana dunia ni sahaulifu. Ana miaka arobaini na moja. Amekuwa maiti kwenye tamthilia ya hospitali (nilimtambua kwa vidole vya miguu). Amekuwa mtu aliyelala kwenye tangazo la magodoro. Sinema zake anaziandika mwenyewe, anaziongoza mwenyewe, anaziigiza mwenyewe. Hana kampuni, hana bosi. Ya kwanza ilionyeshwa maktaba. Watu kumi na tisa. Kumi na mmoja niliwapeleka mimi.

Lakini amechoka. Macho yameingia ndani. Anasema kamera ni ya kuazima, inarudi Jumamosi jioni, na sinema hii isipokamilika basi, anaacha, anakwenda kuuza bima na mjomba wake. Nikamwambia nyamaza, kula.

Halafu akanipa habari. Mama wa kwenye sinema ataigizwa na Bi Vivian Ostrander kutoka Cleveland. Jiko langu! Aproni yangu! Mwana wa kumzaa mimi! Mama atoke Cleveland! Nikauliza mimi nina kasoro gani. Akasema sinema ya pili niliitazama kamera nikaipungia mkono.

Mara moja tu!

Alhamisi, 7 Machi

Leland amelichafua jiko langu kwa makusudi. Masufuria yenye ukoko kwenye sinki. Vipande vya sigara kwenye kikombe changu cha harusi. Mapazia ya marehemu mama mkwe ameyatoa darini akayatundika, ya manjano kwa moshi wa miaka thelathini. Eti ndiyo nyumba ya mama aliyekata tamaa. Mimi sijakata tamaa hata siku moja, ila magoti yananiuma.

Bi Vivian amekalia kiti changu, akala kabeji zangu za kuviringishia nyama kama anameza dawa. Mwanangu akamwita Mama mara kumi na nne. Nilihesabu nikiwa kwenye ngazi.

Alasiri jirani yangu Loretta Sobczak akapita. Mwanawe ni daktari wa meno, na habari hiyo huitoa hata msibani. Akachungulia dirishani. "Doris, shoga, unaumwa? Si ungesema tu, ningekuja kukuoshea vyombo!"

Nilikwenda kujilaza na viatu miguuni.

Leland akaniomba jambo moja. Kesho wanaendelea palepale walipoishia. "Mama, usiguse kitu. Hata kijiko." Nikasema nimeelewa.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikuwa nimeelewa kweli. Lakini kulipokucha nikaliona lile jiko, nikakumbuka Loretta atapita tena akienda kanisani. Mtu ana mwisho wake. Nilianza na kijiko kimoja.

Walipoamka jiko linang'aa. Mapazia yamefuliwa, yamepigwa pasi, meupe pe! Na kwa kuwa ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo sisi Wakatoliki hatuli nyama, nyama nimeiondoa kwenye sahani ya Bi Vivian nikaweka samaki. Nyama leo, ndani ya nyumba hii? Hata kwa maigizo, hapana. Nilisema moyoni: sasa wataona mama hasa ni nani.

Yvonne akapiga yowe. Huyu Yvonne kazi yake ni kupiga picha kila kitu, ili cha leo kifanane na cha jana. Akanieleza polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa. Kwenye sinema ni jioni moja ileile. Mama anainuka mezani jiko likiwa chafu, akifika dirishani mapazia mapya. Anaanza kula nyama, anamaliza na samaki.

Nikasema watazamaji watadhani ni muujiza. Hakucheka mtu.

Wakayamwagia mapazia kahawa. Yakawa mapazia safi yaliyomwagiwa kahawa. Moshi wa miaka thelathini haupikwi kwenye birika. Saa sita Bi Vivian akaondoka, ana mchezo wa jukwaani kwao. Akasema samaki wangu mtamu. Nikampa mgongo. (Nilimfungia kidogo wa njiani.)

Leland hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, paji la uso juu ya magoti. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi amenijia na gauni la Bi Vivian. "Vaa, Mama." Halinitoshi. Yvonne akalipasua mbele, maana mbele hakutaonekana.

Amebadilisha hadithi. Sasa ni kesho yake, mwana anaaga. Mama amesafisha jiko zima kwa sababu hana la kumwambia. Nisimame kwenye sinki, niipe kamera mgongo. "Chochote nitakachosema, Mama, usigeuke."

Nikaanza kuosha. Akasema nyuma yangu, "Mama, nimechoka. Miaka ishirini najaribu. Sijui nimebakiza nini."

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Karatasi zote nilizisoma, nikitafuta pa kujipenyeza. Mikono ikasimama ndani ya maji. Kwenye kioo cha dirisha nikamwona anavyonitazama, uso wake wa utotoni, siku aliyorudi shuleni na kiatu kimoja. Nilitaka kugeuka nimfute kwa aproni.

Sikugeuka. Nilichukua sahani safi nikaiosha tena.

Yvonne anapenga kamasi. Leland akasema imetosha. Hakurudia.

Jumapili, 13 Oktoba

Sinema imeonyeshwa kwenye tamasha dogo mjini Buffalo. Watu sitini na wawili, na mimi nilipeleka tisa tu! Mgongo wangu ulipotokea, mkubwa kama ukuta, Loretta akalia. Nikamnong'oneza kwamba huo ni wangu. Mtu wa mbele akageuka, "Mama, tafadhali!" Nikampungia mkono.

Leland hauzi bima. Anaanza ya tano. Ataipiga kwenye gereji ya marehemu baba yake, haijafunguliwa miaka tisa. Anaitaka kama ilivyo: vumbi, utando wa buibui, koti la baba yake lenye mafuta ya gari, palepale msumarini. Akanishika mabega yote mawili. "Mama. Usiguse kitu."

Nikasema nimeelewa.

Jumanne, 15 Oktoba

Wanafika Alhamisi. Nimepita gerejini kuchungulia tu. Jamani, aibu! Wageni kutoka mbali, na Loretta naye hatakosa kupita.

Nimeanza na koti.