Bango Lililomuua Mwalimu Makori

Jamani, leo sina pa kuuficha uso wangu. Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni.

Mnajua nina filamu. (Mnajua, ingawa hamjaitazama. Hayo tutayazungumza siku nyingine.) Nimeihangaikia miaka miwili hapa Suneka na rafiki yangu Momanyi, mwenye kamera. Ni vichekesho: mzee anatoroka nyumbani ghafla, wake zake wawili wanabaki wakigombania ng'ombe mmoja. Inaitwa Ametuacha.

Mara ya kwanza kuionyesha walikuja watu saba. Wanne walikuwa waigizaji. Wa tano alikuwa mama yangu, na alisinzia.

Safari hii nikaapa kuitangaza kisawasawa. Nikatengeneza bango lenye picha ya mwigizaji mkuu, Mwalimu Makori, mstaafu wa kule Nyacheki. Amevaa suti, picha nyeusi na nyeupe (niliona inapendeza kisanii). Juu nikaandika kwa herufi kubwa: AMETUACHA. Chini yake: Mwalimu Makori. Jumapili saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, Suneka. Nyote mnakaribishwa. Na namba yangu ya simu.

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mimi sikuona kitu!

Nikalituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Simu zikaanza kuingia. Mama mmoja wa Sironga akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, ni kweli haya tunayoyaona?"

"Kweli kabisa, mama! Jumapili! Waambie na wengine!"

Akasema, "Haya. Tutakuja na kwaya."

Nikamrukia Momanyi. "Kwaya nzima inakuja!"

Leo saa nane kasoro, ukumbi umejaa hadi wengine wanachungulia dirishani. Nilitokwa na machozi. Wazee wamevaa makoti, akina mama wamefunga vitambaa, mlangoni kuna mikungu ya ndizi. (Nikadhani ni zawadi za mashabiki. Mashabiki!) Hakuna aliyetabasamu. Nikajiambia, hawa ndio watazamaji makini.

Nikapanda jukwaani, nikashika maikrofoni.

"Asanteni kwa kuja! Leo ni siku ya furaha kubwa maishani mwangu. Nimeingoja miaka miwili!"

Hakuna kofi hata moja.

"Mtacheka mpaka mbavu ziwaume!"

Mstari wa mbele akasimama mama mzee, leso mkononi. Nikaitambua ile sauti ya kwenye simu.

"Binti, ndugu yangu Makori alikukosea nini?"

Nikaligeukia bango ukutani. Nikalisoma upya, polepole. Mungu wangu!

"Mama," nikasema, "Mwalimu hajafa. Hii ni filamu."

"Hajafa, na simu yake haipatikani wiki nzima?"

Kabla sijajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu Makori huyo, begi begani, katoka moja kwa moja kwa binti yake kule Nakuru (alikokuwa ameharibikiwa na simu). Akautazama umati. Akavua kofia kwa heshima.

"Poleni sana," akasema. "Ni nani tumempoteza?"

Kwaya ilitimua mbio! Mwimbaji mmoja alipitia dirishani na kitabu chake cha nyimbo. Dada mtu hakukimbia. Alimwendea, akamfinya shavu kuhakikisha, akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia huku akilia.

Niliomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Nikasema anayetaka kurudi nyumbani aende, sitamlaumu.

"Twende wapi?" dada mtu akauliza, akiketi. "Tumetoka Sironga. Tuonyeshe huyu mzee alivyotuacha."

Basi Momanyi akawasha mashine. Kwaya ikarudi mmoja mmoja. Mwalimu alipotokea kwenye filamu amejificha ndani ya kihori cha ng'ombe, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Dada yake alicheka hadi akashika kiti. Ile leso aliyoileta kwa kilio ikafuta machozi ya kicheko. Mwisho wake walipiga makofi wamesimama, na mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama nina filamu nyingine.

Mwalimu amelalamikia jambo moja tu: kwamba waliokuja na hotuba za kumsifu wamerudi nazo mfukoni.

Tafadhali msinicheke. Au basi, chekeni, lakini mje mchekee ukumbini.